Mkimdai Freddie Mercury, Mdaini Mzima

Kila ifikapo Septemba 5 simu yangu hujaa picha ileile. Mwanamume mwenye masharubu, singlendi nyeupe, suruali ya jinzi, ngumi imepaa juu ya umati usio na mwisho. Chini yake pameandikwa: "Je, wajua? Freddie Mercury ni Mtanzania mwenzetu." Zinafuata bendera na makofi. Haipiti robo saa anatokea wa pili: "Yule si wetu, msituletee laana." Hapo moto unawaka mpaka usiku, halafu kimya, hadi Novemba 24, siku aliyokufa, wanaanza upya.

Nimeufuatilia ugomvi huu miaka mingi, na neno langu ni hili: pande zote mbili hazimtaki Freddie. Upande mmoja unataka picha yake, wa pili unataka kifo chake. Maisha yaliyo katikati, yale ambayo mwandishi wa maana angeyakimbilia na kalamu mkononi, hayaguswi na mtu. Na wala hili si la mitandao peke yake. Ni namna tulivyozoea kuandika habari za wanamuziki kwa Kiswahili, na Freddie ni mtihani tu unaotuumbua.

Tuanze na yasiyo na ubishi, maana hata haya hupindishwa. Alizaliwa Farrokh Bulsara, Unguja Mjini, mwaka 1946. Baba yake, Bomi, alikuwa mshika fedha wa Mahakama Kuu, mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mama yake ni Jer. Walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zarathustra, ambao mababu zao walitoka Uajemi wakahamia Gujarat karne nyingi zilizopita. Kwenye kiti cha enzi alikaa Sultani Khalifa bin Harub, na nyuma ya kiti alisimama Mwingereza. Mtoto alipofika miaka minane hivi akapelekwa bweni, shule ya St Peter's kule Panchgani, si mbali na Bombay. Huko akasoma piano mpaka daraja la nne, akapiga kwenye bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics, na wenzake wakaanza kumwita Freddie. Mwaka 1963 akarudi Unguja. Januari 12, 1964 yakatokea Mapinduzi, na mwaka huohuo familia ikahamia Uingereza, mtaa wa Feltham, magharibi ya London. Kijana alikuwa na miaka 17. Akafanya vibarua uwanja wa ndege wa Heathrow, akasomea uchoraji wa matangazo chuo cha Ealing, na mwaka 1970 akaungana na Brian May na Roger Taylor wakawa Queen. John Deacon alijiunga mwaka uliofuata.

Sasa wewe unayepeperusha bendera, hesabu mwenyewe. Muungano ni Aprili 26, 1964. Tanzania unayomvisha Freddie haikuwapo alipozaliwa, wala haikuwapo alipokuwa anacheza uchochoroni Mji Mkongwe. Ukitaka kumdai kwa karatasi, kesi yako ni dhaifu. Ila mimi siamini kwamba msanii hudaiwa kwa karatasi, ndiyo maana naandika.

Hapa kwetu Kwa Mathias, ukishuka Barabara ya Morogoro ukaingia ndani kidogo, kuna kibanda cha kinyozi ninachokatia nywele. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, kwa hiyo mtaa mzima huniita Mwalimu hata kama sijawahi kushika chaki. Siku moja kwenye runinga ya kibanda ikapita ile shoo ya Live Aid, Julai 13, 1985, uwanja wa Wembley. Kinyozi akasimamisha mashine. "Mwalimu, si huyu ndiye Mbongo aliyetoboa kuliko wote?" Kabla sijajibu, mzee aliyekuwa anasubiri zamu akauliza, macho kwenye gazeti, "Nani, yule wa mambo yale?"

Nikawauliza wote wawili: mnajua nyimbo zake zipi? Kijana akasema ule wa mpira, unaopigwa timu ikichukua kombe. Mzee akasema hana haja ya kuzijua.

Basi ndiyo mjadala wetu wa kitaifa huo, umekaa kwenye viti viwili vya plastiki. "Mbongo aliyetoboa" na "yule wa mambo yale". Mmoja anamsifia mtu ambaye hajamsikiliza, mwingine anamlaani mtu ambaye hajamsikiliza. Nilitamani kuuzima ule mlio wa mashine niwaonyeshe kitu kimoja tu, mikono yake. Kwa sababu mtu anapoketi kwenye piano anaanza onyesho la dakika kama ishirini mbele ya uwanja mzima, mimi sitazami singlendi, natazama vidole.

Daraja la nne si jambo kubwa. Kuna vijana wa seminari huku Pwani wamepita hapo. Freddie mwenyewe hakujiona mpiga piano hodari, na miaka ya baadaye jukwaani aliwaachia wengine kazi hiyo apate kukimbia na kipaza sauti. Lakini sikiliza "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975 kwa sikio la mpiga kinanda. Mkono wa kushoto unapanda juu ya mkono wa kulia kwenda kuchukua noti za juu, halafu unarudi chini kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni jambo dogo, mwanafunzi mwenye bidii atalipata kwa wiki moja. Ugumu uko kwenye akili iliyoona kwamba wimbo unaweza kuanza kama kwaya isiyo na ala, ukawa wimbo wa huzuni wa piano, ukageuka opera, ukapasuka kuwa roki, ukafa polepole, usiwe na kiitikio hata kimoja cha kurudia, na bado mtu wa kawaida aupende. Wakubwa wa kampuni ya rekodi waliona ni mrefu mno, karibu dakika sita. Ukakaa nambari moja Uingereza wiki tisa.

Au chukua "Somebody to Love", mwaka 1976. Yeye aliinamia muziki wa injili wa Wamarekani Weusi, hasa Aretha Franklin, na watu watatu tu, yeye, May na Taylor, wakaimba sauti zao tena na tena juu ya kanda mpaka wakawa kwaya nzima. Mimi nina waimbaji 32 Jumapili njema, na kuna siku besi zangu wote wamekwenda msibani. Najua kwaya inavyoundwa. Nikisikiliza wimbo ule najua nimekaa mbele ya mtu aliyesikia kila sauti kichwani kabla haijatoka kooni kwa mtu yeyote. Hapo ndipo madai yoyote ya "wetu" au "si wetu" yangepaswa kuanzia, kwenye kazi. Mbona hatuanzii hapo?

Nadhani najua. Tumejifunza kuandika maisha ya watu makaburini.

Kila msomaji wangu ameisikia ile karatasi. Baada ya ibada, kabla ya kuelekea kaburini, anasimama ndugu mwenye sauti na kusoma "historia fupi ya marehemu". Alizaliwa mwaka fulani, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Alibatizwa. Alisoma. Aliajiriwa. Alipenda michezo. Alianza kusumbuliwa na maradhi. Ameacha mjane, watoto na wajukuu. Bwana alitoa na Bwana alitwaa. Karatasi hiyo ina kazi yake na siidharau, maana siku ya msiba si siku ya kufukua. Balaa ni kwamba tumeihamishia magazetini, redioni, vitabuni na sasa mtandaoni. Mwanamuziki akifa tunamsomea karatasi, na miaka 20 baadaye bado tunasoma karatasi ileile.

Mtu aliyenifundisha kinanda alikufa katikati ya miaka ya tisini. Alikonda mbele ya macho yetu mwaka mzima. Karatasi yake ilisema malaria na kifua. Sawa, wote tulielewa na wote tukainamisha vichwa. Lakini karatasi hiyohiyo haikutaja hata wimbo mmoja kati ya zile alizotunga, na kwaya za huku zinaziimba mpaka leo bila kujua ni za nani. Ndivyo karatasi inavyofanya kazi. Ukishaamua kuficha kitu kimoja cha mtu, mkono unazoea, unaficha na vingine.

Sasa rudi kwa Freddie uone tulivyomsomea.

Mapinduzi kwanza. Wanaomsherehekea wanasema "alihamia Uingereza na familia yake", kana kwamba baba alipata uhamisho wa kikazi. Wanaomkataa hawasemi kabisa kwa nini mtoto wa Unguja aliishia kubeba mizigo Heathrow. Familia ile iliondoka kwa sababu kulikuwa na damu mitaani na kwa sababu Mhindi mtumishi wa serikali ya Mwingereza hakuwa na hakika ya kesho yake. Kusema hivyo si kumtetea Sultani. Aliyekuwa akichuma karafuu kwa ujira wa kubabaisha alikuwa na sababu zake za kutaka dunia ipinduke, na nyumba ya akina Bulsara ilikuwa nyumba yenye yaya. Huyo yaya mwenyewe ni hadithi. Alimbeba mgongoni mtoto ambaye dunia nzima ingekuja kumjua, na hatujawahi kumwandikia riwaya wala hata aya. Mwandishi akikaa katikati ya sebule ile, kati ya mshika fedha na yaya, mwaka 1963, ana Zanzibar nzima mkononi. Badala yake tunapewa "Je, wajua?"

Wapo pia wanaoshikilia lile neno moja la Kiarabu lililomo kwenye "Bohemian Rhapsody", neno ambalo kila mtoto wa Unguja hulitamka kabla ya kugusa chakula. Ati huo ni ushahidi kwamba Zanzibar haikumtoka. Inawezekana. Lakini mtu aliyekaa Unguja mpaka miaka minane, akakaa bweni India miaka mingine minane hivi, halafu akawa hapendi kuulizwa habari za utotoni na waandishi wa habari, huwezi kumjenga kwa neno moja. Kimya chake kuhusu Zanzibar ni kikubwa kuliko neno hilo, na kingefaa kuandikwa. Mtu hunyamazia kwao kwa sababu nyingi, si lazima iwe dharau. London ya miaka ile haikuwa na huruma kwa kijana mwenye sura ya Kihindi, na jina Bulsara halikuuza rekodi.

Kwenye jambo la pili sina upole.

Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City. Kwa wadogo zangu ambao hawakuwapo: Sun City ilikuwa hoteli ya kifahari na kasino ndani ya Bophuthatswana, mojawapo ya zile "nchi" bandia ambazo Makaburu waliziunda ili wawaambie Waafrika kwamba Afrika Kusini si kwao. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasiende. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kilikuwa kimekataza. Wakaenda, wakalipwa, wakarudi, wakatozwa faini na chama chao na kuingizwa kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliovunja mgomo. Utetezi wao ulikuwa kwamba wao ni bendi ya muziki, hawana siasa, na wanampigia yeyote anayetaka kusikiliza.

Barabara inayopita hapa Kwa Mathias, inayonipigia honi za malori ninapoandika, ndiyo hiyohiyo inayokwenda Morogoro. Pembeni ya mji ule kuna Mazimbu. Mwaka 1984 pale Mazimbu palikuwa na shule ya wakimbizi wa ANC, imepewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Nchi maskini, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, ilikuwa imegawa ardhi yake ili watoto wa wenzetu wasome. Na mwaka huohuo mzaliwa wa Unguja akaimbia kasino la Makaburu.

Nimeona kurasa nyingi za "Mtanzania mwenzetu". Sijaona hata moja iliyoweka Sun City na Mazimbu kwenye sentensi moja. Je, tuliojitwika ukombozi wa kusini mwa Afrika hatuna haki ya kumuuliza "mwenzetu" swali hili? Tunayo kuliko Mwingereza yeyote. Hapo ndipo utu wa Freddie unapokuwa jambo letu hasa, si la mashabiki wa Wembley. Kwangu mimi, hakuwa na udhuru. "Sina siasa" ni maneno ya mtu ambaye siasa imemchagulia upande wenye kiyoyozi. Na bado nikisikia piano ya "Somebody to Love" naacha ninachofanya. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na mwandishi asiyeweza kuyabeba yote mawili arudi kwenye karatasi ya msiba.

Ile filamu ya 2018, iliyompa Rami Malek tuzo ya Oscar, inaanzia London na haina Sun City. Tena inamfanya Freddie awaambie wenzake kuhusu ugonjwa wake kabla ya Live Aid, ili machozi ya Wembley yawe na sababu. Live Aid ni 1985. Jim Hutton, aliyeishi naye, alieleza kwamba Freddie aliambiwa ana virusi mwaka 1987. Sinema inaweza kusogeza kalenda, sina neno. Ila nasi tumeimeza hivyohivyo na kuisimulia kama historia, sisi tulio na sababu za kuijua kalenda ya Ukimwi kuliko mtunga sinema.

Kwani sisi tulikuwa wapi miaka hiyo? Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kule Bukoba watu waliuita Juliana, jina la kitambaa. Baadaye tukauita ngoma, miwaya, umeme, chochote isipokuwa jina lake. Karatasi za msiba zikajaa kifua na malaria. Na katikati ya kimya hicho wanamuziki wa Afrika Mashariki wakafanya jambo ambalo nyota wa London hakulifanya. Mganda Philly Lutaaya, mwimbaji na mtunzi aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi kwao mwaka 1989 akajitangaza hadharani kwamba ana Ukimwi. Wengine wakasema anatafuta umaarufu. Akatumia miezi iliyobaki kuzunguka mashuleni na makanisani akiongea na vijana, na Desemba mwaka huohuo akafa. Huku kwetu Remmy Ongala akatoa "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuhimiza kondomu, na Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Watu waliusikia hivyohivyo, kwenye kumbi na kwenye kaseti.

Freddie alitoa taarifa yake Novemba 23, 1991, na kesho yake jioni akafa nyumbani kwake Kensington, na miaka 45 yake. Saa kama ishirini na nne. Simlaumu kama ninavyomlaumu kwa Sun City. Magazeti ya udaku ya London yalikuwa yamepiga kambi mlangoni pake, na mtu anayekufa ana haki ya kufunga pazia. Lakini ukimweka kando ya Lutaaya, hadithi inabadilika. Siku zote tunaambiwa ujasiri ulikuwa Ulaya na aibu ilikuwa Afrika. Hapa ni Mganda aliyetangulia miaka miwili na nusu, bila kasri, bila msemaji wa kumwandikia taarifa. Kwa nini insha hii hatujaiandika sisi? Nani alituambia tungoje sinema?

Na sasa "mambo yale". Nitasema kifupi kwa sababu ni mambo mafupi. Freddie alimpenda mwanamke, Mary Austin, akabaki rafiki yake hadi mwisho na kumwachia nyumba. Akawapenda wanaume, na wa mwisho, Jim Hutton, kinyozi kutoka Ireland, alimuuguza mpaka alipokata roho. Dini yako na iseme inavyosema, sijaja kukutoa ulipo. Mwaka 2006 mkahawa mmoja wa ufukweni Mji Mkongwe, wenye jina lake, ulipopanga sherehe ya miaka 60 tangu azaliwe, Uamsho walipinga kwamba anauchafulia Uislamu na Zanzibar jina. Freddie hakuwa Mwislamu hata siku moja, ibada ya kumuaga ilifanywa kwa taratibu za Kizarathustra, kwa hiyo nusu ya hoja ilianguka kabla haijasimama. Ila walau wale walisema wazi walichokuwa wanakikataa. Ninaowashangaa zaidi ni wale wanaofanya biashara ya jina lake na kushusha sauti wakifika sehemu hii. Mgeni anaonyeshwa mlango Shangani, na akizunguka na mtu mwingine ataonyeshwa mlango mwingine. Mwishoni mwa 2019 pakafunguliwa hata makumbusho. Jambo jema, mimi si adui wa makumbusho. Lakini ukimuuza mtu kwa mtalii mchana na kumkana kwenye baraza jioni, wewe si mwenyeji wake, wewe ni dalali.

Piano yake, ile Yamaha aliyoinunua mwaka 1975 na kuitungia nyimbo, iliuzwa London Septemba 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Sioni kijicho. Ila siku ile nilimkumbuka Patrick Balisidya.

Huyu alizaliwa 1946 vilevile, Mvumi, Dodoma. Aliimba, alitunga, alipiga gitaa na kinanda, akaongoza Afro 70, akaiwakilisha nchi kwenye FESTAC kule Lagos mwaka 1977, akaenda Sweden kurekodi na bendi ya Archimedes. Akafa 2004. Mwaka mmoja wa kuzaliwa, wote watunzi, wote vinanda. Mmoja tuna vitabu vyake vya Kiingereza vya kujaza rafu. Wa pili ana karatasi yake ya msiba, imeongezwa picha na kuwekwa mtandaoni. Niulize wapi alijifunza akodi zile zinazopanda taratibu chini ya sauti yake, alikosana na nani, alikula nini Lagos, alirudi kutoka Sweden na nini mfukoni. Wapo wanaojua, baadhi yao wangali hai, na kila mwaka tunawazika pamoja na majibu. Ndiyo maana siupendi ugomvi wa Septemba. Tunapigania jina ambalo wenzetu wameshalifanyia kazi, huku wetu ambaye hana mgombania tumemwacha na mistari kumi.

Mtu ataniambia kuandika maisha namna hiyo, kwa wazi, si utamaduni wetu. Nitamjibu kwa kitabu: "Wasifu wa Siti Binti Saad". Shaaban Robert alikwenda kumhoji yule bibi uzeeni mwake. Shaaban anamtukuza, tena sana, pengine kupita kiasi, ndivyo alivyokuwa. Lakini hakuficha kwamba alitoka kwenye ufukara wa Fumba, akitembeza vyungu vya kuuza, wala hakuficha kwamba watu walimsimanga kwa asili yake na sura yake. Aliyaweka masimango kitabuni yakae karibu na ushindi, ili msomaji ajue ushindi ulikuwa dhidi ya nini. Na angalia ramani ilivyo: Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, Farrokh akapelekwa upande uleule wa bahari kusoma. Siti alifariki 1950. Kwa karibu miaka minne mwanamke yule na mtoto yule walivuta hewa ya mji mmoja, mmoja ametoka kwa wafinyanzi na mwingine kwa mshika fedha. Utamaduni wetu uliwahi kuzaa kitabu cha mmoja. Tangu hapo tumekuwa wavivu, na uvivu tumeupa jina la heshima.

Kwa hiyo sitaki tena bendera Septemba 5, wala laana. Nataka sura ya kwanza. Kama wewe ni mwandishi na uko Unguja, jengo la Mahakama Kuu bado liko Vuga. Nenda kasimame pale, fikiria dirisha la mshika fedha na foleni iliyokuwa mbele yake, uulize nani alilipwa na nani alitozwa. Tafuta waliokuwa vijana mwaka 1963, waulize habari za mtoto wa Kiparsi mwenye meno yaliyojitokeza aliyerudi kutoka bweni na piano kwenye vidole. Muulizie na yule yaya. Ukimaliza huko vuka bahari, uende Mazimbu, usome majina makaburini, halafu uweke ule wimbo wa kwaya ya watu watatu kwenye simu yako uone unajisikiaje. Nauli ya basi kutoka hapa Kwa Mathias hadi Morogoro nitakuchangia.